Hofu isiyokatika: ndege wa Mbweni na sisi majirani zao

Kunguru akitua juu ya ukuta wa nyumba Mbweni, pembezoni mwa Dar es Salaam, shorewanda aliyekuwa akiimba kwenye ua wa michongoma hunyamaza papo hapo. Hujibana kwenye tawi, shingo juu, jicho halibanduki. Kwa nje hayo ndiyo yote tunayoyaona. Ndani ya mwili wake shughuli ni nzito. Moyo unakwenda mbio, sukari inamiminika kwenye damu, na baada ya dakika chache tu tezi mbili ndogo zilizo karibu na figo zinaanza kutoa homoni iitwayo kotikosteroni. Homoni hiyo hupanga upya matumizi ya mwili: nguvu ziende kwenye misuli na macho, kutengeneza mayai, kuotesha manyoya na kupambana na maradhi vitasubiri. Kunguru akishakwenda zake homoni inashuka, na baada ya muda shorewanda anarudi kuimba.

Msongo wa namna hiyo si ugonjwa. Ni kinga, tena kinga ya zamani kuliko binadamu mwenyewe. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na elimu ya mwili wa ndege inawaunga mkono: asiyeshtuka hafiki msimu wa pili.

Lakini inakuwaje kunguru asipoondoka? Au akiondoka mmoja, wakatua watatu? Inakuwaje hofu ikija asubuhi, mchana na jioni, na usiku nao ukawa na mwanga mkali na kelele? Hapo kinga inageuka mzigo. Mwili unaoambiwa kila saa kwamba mambo ya kesho yasubiri, mwishowe unakosa kesho. Mayai hayatagwi, manyoya yanaota dhaifu, vimelea vinapata mlango.

Hoja yangu katika safu hii ni kwamba afya ya ndege wa pembezoni mwa Dar es Salaam haiamuliwi na chakula na maadui peke yake. Inaamuliwa pia na mambo mawili tusiyoyahesabu: kama ndege anapata mahali na muda wa kutulia baada ya hofu, na kama ana wenzake wa kumsaidia kuibeba. Mji unavyojengwa sasa unampunguzia vyote viwili, na sehemu kubwa ya kinachovipunguza iko mikononi mwetu wenyewe.

Damu ya dakika tatu

Ndege hasemi anavyojisikia, kwa hiyo wataalamu wamebuni njia ya kuiuliza damu yake. Wavu mwembamba hutandazwa kati ya vichaka kabla ya mapambazuko. Ndege anapoingia tu, saa inaanza kuhesabu. Mtafiti anamtoa taratibu, anamlaza chali kwenye kiganja, anafungua bawa na kupuliza vimanyoya vya ndani mpaka mshipa uonekane, mwembamba kama uzi. Anauchoma kwa sindano ndogo, na tone la damu linapanda lenyewe kwenye kijibomba cha kioo. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya dakika tatu, kwa sababu baada ya hapo damu inaanza kuonyesha hofu ya kukamatwa, si hali aliyokuwa nayo ndege kabla ya kukamatwa. Kisha anawekwa kwenye mfuko safi wa kitambaa, na baada ya nusu saa anatolewa tone la pili. La kwanza linaeleza maisha yake ya kila siku. La pili linaeleza anavyoitikia hatari. Utaratibu huu, ambao John Wingfield na wenzake waliueneza duniani, ndio umetupa sehemu kubwa ya tunayoyajua.

Damu si shahidi pekee. Unyoya unapoota hukusanya homoni hiyo kidogo kidogo, hivyo unyoya mmoja unaweza kueleza majuma kadhaa yaliyopita. Chembe nyeupe za damu nazo zikihesabiwa kwa darubini huonyesha kama mwili umekuwa chini ya shinikizo kwa muda mrefu.

Kusoma majibu ya vipimo hivi kunataka uangalifu. Mtu anaweza kudhani homoni nyingi ni mateso na homoni kidogo ni raha. Sivyo. Mwaka 2006 Jesko Partecke na wenzake nchini Ujerumani walichapisha utafiti wa ndege weusi wa Ulaya, jamii ya mikeshe, waliochukuliwa wakiwa makinda, wengine kutoka jiji la München na wengine kutoka msituni, wakalelewa pamoja katika mazingira yaleyale. Walipokomaa, wale wenye asili ya mjini waliitikia hatari kwa homoni kidogo kuliko wenzao wa msituni. Maisha ya mji yalikuwa yamechagua ndege wasioshtuka sana, au yalikuwa yamewaumba hivyo tangu utotoni. Mwaka 2018 utafiti mwingine, wa Nathan Kleist na wenzake huko New Mexico, Marekani, ulionyesha upande wa pili. Ndege waliotaga karibu na mitambo ya gesi yenye ngurumo isiyokoma walikuwa na kotikosteroni kidogo kuliko kawaida, siyo nyingi. Hata hivyo hawakuwa wametulia: katika spishi mojawapo mayai machache zaidi yaliangua, na kelele ilipozidi makinda walidumaa manyoya. Mwili ulikuwa umechoka kuitikia.

Kwa hiyo tunapomwona ndege anaruka juu ya bodaboda bila kujali, tusikimbilie kusema amezoea. Kuzoea kuna gharama zake, na mara nyingi wanaozilipa ni makinda.

Adui asiyeua

Jaribio ninaloliona kubwa kuliko yote katika mada hii lilifanywa na Liana Zanette na wenzake kwenye visiwa vya British Columbia, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2011. Walichukua ndege wadogo waimbao wakaviwekea viota vyao ulinzi kamili: uzio wa umeme dhidi ya wanyama watambaao chini na wavu dhidi ya maadui wa angani. Hakuna yai lililoweza kuliwa. Kisha wakaweka spika kwenye miti. Kundi moja la ndege lilisikia sauti za maadui msimu mzima. Kundi la pili lilisikia sauti za viumbe wasio na madhara. Waliosikilizishwa maadui walipata watoto pungufu kwa asilimia 40. Walitaga mayai machache, machache yakaangua, na waliwalisha makinda mara chache zaidi kwa sababu muda mwingi walikuwa wakichungulia huku na huku. Hakuna aliyeuawa na adui. Hofu peke yake ilitosha.

Anayeishi kwenye mtaa wenye vibaka anajua hili bila kusoma jarida lolote: hata asiyewahi kuibiwa halali usingizi.

Hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Mwaka 2001 Alexander Scheuerlein na Eberhard Gwinner, pamoja na mwenzao, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya ndege mdogo wa ukanda wetu wa nyika, dume wake mwenye kichwa cheusi na kifua cha rangi ya kutu, wanayemwita Saxicola. Baadhi ya jozi zilikuwa na mbwigu kwenye eneo lao, yule ndege mwenye mdomo wa ndoano anayechomeka mawindo kwenye miiba. Wengine hawakuwa naye. Waliokaa na mbwigu walikuwa na kotikosteroni nyingi zaidi wakati wa kulea, na walichukua muda mrefu zaidi kabla ya kuanza uzazi mwingine. Mbwigu hakuhitaji kumla hata mmoja. Kukaa kwake tu kwenye tawi kulipunguza kizazi kijacho.

Sasa badilisha mbwigu, weka kunguru.

Mgeni aliyealikwa kufagia

Kunguru tunayemwona Mbweni, mweusi mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, wakati wa Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza visiwani, kwa nia ya kusafisha taka za mjini. Haukupita muda mrefu akawa kero kuliko taka zenyewe, akavuka bahari na kuenea pwani yote. Mombasa alirekodiwa miaka ya 1940. Leo si rahisi kukaa asubuhi nzima katika jiji la Dar es Salaam bila kumsikia. Kunguru wetu wa asili, yule mkubwa mwenye kifua cheupe, amesukumwa pembeni.

Wengi wanamlaumu kunguru kwa anachokula: mayai, makinda, mijusi, vyura, vifaranga vya kuku. Lawama ni ya haki. Lakini madhara yake makubwa pengine ni yale yasiyoonekana kwenye kiota kilichobomolewa. Ni hofu anayoitawanya. Kunguru hawindi kama kipanga anayepita mara moja na kutoweka. Anakaa. Anajua mtaa, anajua siku za kutoa taka, anarudi kwenye kichaka kilekile mara kwa mara. Na haji peke yake. Mmoja hutua mbele ya kiota na kumvuta mzazi, mwingine huingia kwa nyuma. Maisha yake ya kijamii ndiyo silaha yake: hulala kwa mamia kwenye mti mmoja, hupashana habari za hatari, na wenzake wakinaswa mbele ya macho yake haukaribii tena mtego ule kwa urahisi.

Kinachompa nafasi ya kukaa hivyo ni sisi. Shorewanda anaishi kwa matunda na wadudu wa eneo lake. Chakula kikipungua naye anapungua. Kunguru halazimiki kuishi kwa mayai ya shorewanda. Anaishi kwa ubwabwa, matumbo ya samaki na mifuko iliyopasuliwa kando ya barabara. Mayai ni kitoweo cha ziada. Ndiyo maana idadi yake haishuki hata viota vinapokwisha. Kila mfuko wa taka unaoachwa wazi Mbweni unalisha hofu ya ndege wengine wote.

Kuua peke yake hakujamaliza tatizo. Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa Finland, iliendesha kampeni ya mitego na sumu iliyopunguza sana kunguru wa mjini; juhudi zilipolegea wakaongezeka upya. Kenya mwaka 2024, kupitia shirika lake la wanyamapori la KWS, ilitangaza azma ya kuondoa kunguru milioni moja. Sipingi kazi hiyo inapofanywa na mamlaka husika na kwa utaalamu. Ninachosema ni kwamba meza ikiachwa imeandaliwa, wageni watarudi.

Kinga na kinga

Upande wa pili wa hoja yangu ni jamaa. Ndege aliye na wenzake hubeba hofu tofauti na aliye peke yake, ingawa si wote wananufaika sawa.

Nenda Laikipia, Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Dustin Rubenstein amekuwa akiwafuatilia kwenzi wenye mgongo wa buluu inayong'aa na tumbo la rangi ya chungwa, ndege wanaoishi kwa ukoo. Katika ukoo mmoja wachache huzaa, wengine husaidia kuleta wadudu na kulinda kiota. Vipimo vyake vya damu, alivyovichapisha mwaka 2007, vilionyesha kwamba mvua ndiyo inayoamua nani ataumia. Katika miaka ya ukame kotikosteroni ilipanda kwa wale wa ngazi ya chini katika ukoo. Wakubwa hawakuyumba hivyo. Shida ya mazingira haikugawanywa sawa. Ilipita kwenye ngazi za jamii kwanza, ikawaelemea wadogo.

Lakini Mpala imetufundisha pia upande wenye faraja. Mwaka 2025 Alexis Earl, Rubenstein na wenzao walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 20. Waligundua kwamba kwenzi hawasaidii ndugu wa damu peke yao. Baadhi huwasaidia wasio ndugu, na msimu mwingine yule aliyesaidiwa humrudishia mwenzake, uhusiano ukadumu miaka. Katika nchi ambayo mvua haitabiriki, rafiki ni akiba.

Kusaidiana hakuishii ndani ya ukoo. Huko Latvia, Indriķis Krams na wenzake waliwachunguza ndege wadogo wanaokaa kwenye masanduku ya viota yaliyo jirani. Bundi alipowekwa karibu na kiota kimoja, majirani walikuja kupiga kelele na kumzonga. Kisha watafiti wakawazuia baadhi wasiende kusaidia, na baadaye wakaweka bundi kwa hao waliozuiwa na kwa waliosaidia. Ndege walikwenda kwa aliyewasaidia. Aliyeonekana kuwatelekeza hawakumwendea. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na ndege hawa wanaiishi methali hiyo.

Hayo yanaonekana Mbweni pia kwa mwenye subira. Keti karibu na kichaka kinene chenye kiota cha shorewanda, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kunguru akisogea, shorewanda anatoa mlio mkavu, wa kukatika katika, tofauti kabisa na wimbo wake. Mwenzi wake anajibu. Chozi anatoka kwenye maua, mdogo kuliko kichwa cha kunguru, naye anaingia kwenye zogo. Shorewanda wa kichaka cha pili anavuka uwanja. Dakika moja baadaye kuna ndege watano au sita wa aina mbalimbali wakimzunguka kunguru na kumpigia kelele, mpaka anaona bora ajiondokee. Kisha wote wanatawanyika na kila mmoja anarudi kula. Hofu imekuja, imebebwa na wengi, imekwisha.

Sasa iweke jozi hiyohiyo kwenye kiwanja kilichozungushiwa ukuta, chenye mti mmoja katikati na pavingi mpaka kwenye lango. Mlio ni uleule, lakini hakuna wa kuuitikia. Jirani wa karibu yuko nyumba nyingi mbele, kwenye mti mwingine wa pekee. Hapa ndipo mazingira na ujamaa vinapokutana: kwa kung'oa kichaka hatumnyang'anyi ndege makao tu, tunamnyang'anya na majirani.

Pasa, wale ndege wa kahawia wenye mikia mirefu wanaopenda mapapai yetu, wanatuonyesha jinsi wenzako wanavyoweza kuwa sehemu ya mwili wako. Huenda kwa kikundi, na usiku hulala wakining'inia pamoja, wamebanana kifua kwa kifua, ili joto lisipotee na nguvu zisitumike bure. Pasa aliyetengwa na kikundi analazimika kutumia chakula kingi zaidi kuuona mwanga wa kesho yake.

Wingi nao una hatari zake, na ni wajibu kuzitaja. Penye msongamano maradhi husafiri haraka. Marekani kuanzia mwaka 1994 ugonjwa wa macho ulienea kwa kasi miongoni mwa ndege wanaokusanyika kwenye vyombo vya kulishia vya nyumbani. Kwetu, kila mfugaji wa kuku wa kienyeji anajua kideri kinavyoweza kufagia banda zima. Kwa hiyo jamaa bora kwa ndege si rundo linalogombea bakuli moja. Ni majirani waliotawanyika kwa nafasi, kila mmoja na kichaka chake, karibu kiasi cha kusikiana.

Ukuta, taa na ngurumo

Mbweni iko kaskazini mwa Manispaa ya Kinondoni, kati ya barabara ya Bagamoyo na bahari, si mbali na mto Mpiji unaotenganisha Dar es Salaam na Bagamoyo. Ilikuwa nchi ya minazi, mikorosho, vichaka vya pwani na mikoko. Jiji lilipotanuka, mashamba yakapimwa viwanja. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam 4,364,541. Ya 2022 ikawahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la watu milioni moja na zaidi kwa miaka kumi limehitaji mahali pa kuishi, na pembezoni kama Mbweni, Bunju, Chamazi na Kigamboni ndiko waliko wengi wao. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutaka nyumba. La kuangalia ni namna tunavyoijenga.

Tukianza na ukuta, ua wa michongoma uliokuwa mpaka wa kiwanja ulikuwa pia maficho, chakula na njia ya kupitia kutoka bustani moja hadi nyingine. Ukuta wa tofali hauna hata kimoja, na juu yake kunguru hupata mahali pazuri pa kupeleleza uwanja mzima.

Usiku nao umebadilika kwa sababu ya taa. Davide Dominoni na wenzake huko Ujerumani waliwaweka ndege weusi kwenye mwanga hafifu mno wa usiku, luksi 0.3, pungufu ya ule unaoangukia chini ya taa ya barabarani. Viungo vyao vya uzazi vilikua karibu mwezi mmoja kabla ya wakati. Katika nchi zetu za tropiki jambo hili ni nyeti zaidi, kwa sababu tofauti ya mchana mrefu na mfupi ni ndogo. Dar es Salaam haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Michaela Hau na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba ndege wa msitu wa Panama wanaweza kuhisi mchana ulioongezeka dakika 17 tu na kuanza kujiandaa kuzaa. Ndege mwenye kipimo cha ndani chenye usahihi huo, ukimwashia taa ya ulinzi juu ya kiota usiku kucha, unamvurugia kalenda ya maisha yake.

Kelele nayo inaziba masikio. Jenereta, spika za baa na magari havimtishi ndege kwa mshtuko tu. Vinaufunika mlio wa onyo. Shorewanda asiyesikia onyo la jirani analazimika kuinua kichwa kila mara aangalie mwenyewe, na kila anapoangalia hali. Hapo tunaona tena jinsi mazingira yanavyokata kamba za ujamaa.

Ufukweni mzigo ni wa aina nyingine. Mikoko ya Mbweni ina thamani kubwa. Watafiti wa pwani wamewahi kuitumia kama eneo lenye uchafuzi mdogo la kulinganishia na mikoko ya Mtoni, Temeke, inayopokea majitaka ya jiji. Maji yakitoka, kwenye tope hushuka sululu na vitwitwi, baadhi yao wakiwa wametoka kuzaliana Siberia. Ndege hawa wanakula kwa ratiba ya maji: saa chache za tope wazi, kisha bahari inarudi. Mbwa akiachiwa kuwakimbiza, au pikipiki ikipita katikati ya kundi, wanaruka wote, na kila mruko unachoma mafuta waliyoyaweka kwa ajili ya safari ya kurudi. Mikoko ikikatwa, maji yanapojaa wanakosa mahali pa kutulia.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

La kwanza ni taka. Nyumba yenye ndoo yenye mfuniko, na mtaa wenye gari la taka linalofika siku iliyosemwa, hupunguza kunguru kwa njia isiyohitaji sumu. Maganda na mabaki ya mboga yanafaa kuwa mboji. Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, na bustani ya nyumbani inaweza kuwa na shimo lake dogo. Wauza samaki wafukie matumbo au wayaweke kwenye chombo kilichofunikwa. Viongozi wa mtaa walisimamie hili kama wanavyosimamia ulinzi. Na mtu binafsi asithubutu kuweka sumu uani: itaua mwewe, paka na kuku wa jirani kabla ya kummaliza kunguru.

La pili ni kichaka. Kama ukuta umeshajengwa, panda ua wa miti ya kienyeji kwa ndani, mnene kuanzia chini, na mwombe jirani afanye hivyo upande wake. Viwanja vitano vyenye vichaka vinavyosikiana vina faida kuliko kimoja chenye bustani ya kifahari. Kabla ya kupogoa, kagua. Shorewanda hutaga mayai mawili au matatu, huatamia siku 12 hadi 14, na makinda huruka baada ya wiki mbili hivi. Ukimwambia mtunza bustani asubiri mwezi mmoja, umeokoa uzazi mzima.

La tatu ni giza na ukimya wa usiku. Taa ya ulinzi iangaze chini, si kwenye matawi, na iwe ya kuwaka mtu anapopita. Jenereta iwekwe mbali na miti. Hatua hizi zinawafaa na binadamu, kwa sababu miili yetu nayo huitikia kelele na mwanga wa usiku kwa homoni iliyo ndugu na hiyo ya ndege.

La nne ni ufukwe. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi kisheria. Anayeikata ajue anavunja sheria. Mbwa wafungwe maji yanapotoka, na watoto wafundishwe kuwatazama vitwitwi kwa mbali badala ya kuwakimbiza.

Ndege wa porini hahitaji maisha yasiyo na hofu. Maisha hayo hayapo. Anahitaji hofu inayokatika, na jirani wa kuitikia anapopiga ukelele. Kunguru hatutamwondoa leo wala kesho, lakini ndoo ya taka, kichaka cha uani na taa ya ukutani viko chini ya mamlaka yako wewe mwenye nyumba. Anza na hivyo wiki hii, kisha mshawishi jirani yako.